Galilaya Ingeenea Ukerewe

Mama alipoambiwa naenda Yerusalemu, hakuuliza habari za Yerusalemu. Aliuliza, "Na ziwani kwao mtafika?" Nikamwambia tutafika. "Basi uangalie wanavua nini, na wanavulia nini."

Ameuza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata sasa alipostaafu, akipita karibu na meza za dagaa mkono unamtoroka, unakwenda kuchota kidogo kupima kama wamekauka. Mimi nauza nyavu, kamba, maboya na risasi za kuzamishia nyavu, kiduka kisichozidi hatua mia mbili kutoka pale alipokuwa akianika maisha yetu. Kwa hiyo sikumcheka. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza unalomuuliza mtu aliyefika kwenye ziwa la watu.

Ilikuwa 2019. Kikundi chetu cha parokia kilikuwa kimechangishana kwa miaka miwili. Tulianza watu zaidi ya hamsini, tukaondoka ishirini na tisa. Wengine ada za shule ziliwakamata, mmoja aliuguliwa, na mmoja, Mungu amsamehe, alinunua bodaboda. Mimi nilimalizia kwa fedha za kikoba. Padre aliyetuongoza alirudia mpaka tukachoka kwamba hii si ziara ya kupiga picha, ni mafungo. Siku tisa, kimya baada ya chakula cha usiku, simu zizimwe, na kila siku andiko moja tu la kutafuna. Alisema hivyo hivyo, kutafuna, na mimi neno hilo lilinikaa.

Niseme na hili mapema. Nimezaliwa AIC, kanisa la Kiprotestanti, nikaolewa Ukatolikini. Mama amebaki AIC wa kweli. Mishumaa, rozari na kuwaombea marehemu kwake ni mambo ya "huko kwenu," na tulishaelewana kwamba hatubishani mbele ya wajukuu.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia Padre wala mtu yeyote kikundini. Mwishoni mwa Novemba 2011 kaka yangu alitoka Igombe kwenda kuvua dagaa. Giza lilikuwa limeiva, karabai zimejazwa. Walikuwa wanne. Upepo uliingia kabla ya alfajiri. Mmoja aliokolewa na wavuvi waliokuwa jirani, wawili walipatikana siku ya tatu. Kaka hakupatikana. Tulikaa matanga siku zote zinazostahili, tukapika, tukaimba, na mwisho watu wakaondoka bila kwenda makaburini, kwa sababu hapakuwa na cha kupeleka makaburini.

Basi tukaenda. Mwanza, Dar es Salaam, Addis Ababa, Tel Aviv. Safari ya ndege naiacha, nililala.

Basi letu lilitangulia kaskazini, Galilaya. Tulishuka mteremko mrefu mpaka masikio yakaziba, maana ziwa lile liko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, wakati letu, Nyanza, yaani Victoria, liko juu ya usawa huo kwa mita 1,134. Dereva akapunguza mwendo, mwongoza wageni akashika kipaza sauti akasema, ndugu zangu, hiyo ndiyo Bahari ya Galilaya. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaangalia. Nikaendelea kuangalia, nikidhani tukizunguka ule mlima ndipo tutaiona yenyewe.

Ndiyo ilikuwa yenyewe. Urefu kilomita 21, upana kilomita 13 pale palipo papana zaidi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 166. Ukisimama Tiberia unaona ng'ambo nyumba kwa nyumba, na usiku unaona taa za gari likipanda kilima cha upande wa pili. Ziwa Nyanza lina kama kilomita za mraba 68,800. Kisiwa cha Ukerewe peke yake, nchi kavu, yenye mihogo na michungwa yake, kina zaidi ya 500. Mzee mmoja wa kikundi chetu, mzaliwa wa Nansio, alifanya hesabu kwa sauti: Galilaya ingeenea Ukerewe mara tatu na mahali pa kujenga shule pangebaki. "Hii kwetu ni bwawa la kunyweshea ng'ombe," akasema. Padre akakohoa.

Nilicheka na wenzangu, lakini kicheko kilinitoka vibaya. Tangu utotoni nimesoma "akavuka ng'ambo" nikawaza safari ya meli ya usiku kwenda Bukoba, watu na mikungu ya ndizi na kuku kwenye matenga. Kumbe kuvuka kwao ni kama kupanda kivuko cha Kamanga: unakaa, unanunua karanga, hujazimaliza umefika. Na humo, kwenye maji unayoweza kuyaona mwisho wake, wavuvi wazoefu, watoto wa ziwa, walipiga kelele kwamba wanakufa.

Walitupandisha kwenye boti ya mbao. Wana mtindo wao: mkishafika katikati wanapandisha bendera ya nchi yenu na kupiga wimbo wa taifa. Bendera tulikuwa nayo, wimbo tukaimba wenyewe. Kuimba Mungu Ibariki Afrika kwenye maji ya Galilaya, na akina mama wamevaa vitenge vya sare, ni kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho, nikalia kabla ya wakati. Halafu baharia mmoja akaonyesha jinsi mitume walivyovua. Alirusha kimia. Kilifunguka vizuri, duara safi, lakini risasi zake zilikuwa nyepesi mno, kikawa kinashuka kama shuka iliyoanguka kwenye kamba. Samaki mwenye akili timamu angekuwa ameshafika Tiberia. Sikusema kitu, ni mafungo.

Mchana tukaletewa "samaki wa Mtakatifu Petro." Sahani ikatua mezani nikamtambua kabla ya kukaa: sato. Si ndugu wa mbali, ni sato wa ukoo ule ule, ubavu ule ule, miiba ya mgongoni ile ile. Wanasema ndiye aliyekuwa na sarafu mdomoni siku Petro alipotumwa kutafuta fedha ya kodi. Mtu yeyote aliyekaa na wavuvi wetu anajua sato hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo hata mwenye kutunga hadithi alikuwa anamjua samaki wake. Alikaangwa mzima, kaletwa na chipsi na kipande cha limau. Nilipobadilisha bei ile kuwa shilingi nilikuta naweza kula sato Kirumba wiki nzima, mimi na wapangaji wangu. Nikamuuliza mhudumu kama katoka ziwani. Akasema la, wa bwawani, anafugwa. Sato wa kizimba! Nimetoka Mwanza mpaka Nchi Takatifu kula sato wa kizimba. Hata sisi hatuna pa kujivunia sana, maana sato huyu tunayemwita wetu aliletwa Nyanza miaka ya 1950, na wazee wakimla bado wanamtaja ngege aliyekuwapo kabla yake.

Lakini kilichonishika kuliko vyote pale ziwani ni Magdala. Iko ufukweni, mawe ya barabara na misingi ya nyumba, na sinagogi la wakati wa Yesu lililofukuliwa 2009. Mwongoza wageni alieleza kwamba Wayunani mji huo waliuita Tarichea, jina lenye maana ya mahali pa kuwekea samaki chumvi. Walikuwa wakivua visamaki vidogo vya fedha, wanavitia chumvi, wanavikausha, wanavisafirisha mbali. Nikasimama pale pale. Maria Magdalena, tuliyechorewa na nywele ndefu na chupa ya marhamu, ametoka Mwaloni! Ametoka kwenye harufu. Mtu wa Kirumba anajua ninachosema: harufu inayoingia kwenye kitambaa cha kichwani na kwenye noti, unapanda daladala mtu anasogea pembeni. Huyo ndiye aliyefika kaburini wa kwanza. Nilitaka kumpigia mama simu hapo hapo. Simu zilikuwa zimezimwa.

Kuna pia ile mashua. Mwanzoni mwa 1986, ukame ulipokuwa umeshusha maji, ndugu wawili wavuvi waliona mbao kwenye tope karibu na Ginosar. Ikawa ni mashua ya miaka kama elfu mbili, urefu wake mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Imehifadhiwa ndani ya jengo, inamulikwa kwa taa za chini. Wataalamu wamehesabu aina 12 za mbao katika chombo kimoja. Wenzangu walikuwa wanashangaa kwa nini mtu atumie aina 12. Mimi sikushangaa. Nenda mwalo wowote uangalie mtumbwi wenye umri: ubao huu wa mninga alipokuwa na fedha, ule wa mti wa jirani, pale kiraka cha bati, pale pamezibwa kwa pamba na lami. Mwenye mashua ile hakuwa na fedha, na kwa muda mrefu hakutaka iende chini. Ni hayo tu yaliyoandikwa kwenye zile mbao, nami niliyasoma bila miwani.

Usiku ule Padre alitupa andiko la kutafuna: Marko sura ya nne, dhoruba. Tukakaa kwenye mawe ufukweni, kila mtu peke yake, kimya. Habari yenyewe mnaijua. Yesu amelala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, upepo unavuma, maji yanaingia, wanamwamsha wakimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Anaamka, anauambia upepo na maji vinyamaze.

Nilikuwa nimeisikia mara mia. Safari hii nilikwama mahali ambapo sikuwahi kupaona. Mstari wa 36 unasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Basi. Mstari mmoja, kisha havitajwi tena. Vilikuwa na watu gani? Upepo ulipoanza, vilikuwa mbali kiasi gani? Kabla hajaamshwa, wakati bado amelala kwenye ule mto, kuna kilichopinduka? Ziwa lilipotulia, mitume wanaulizana huyu ni nani, kuna mtu aliyegeuka nyuma akahesabu taa?

Niliitafuna mpaka taya zikauma. Upepo wa pale unateremka kutoka vilimani ghafla, unatua majini kama mtu aliyeruka ukuta. Wa kwetu unajikusanya usiku, nchi kavu ikipoa na ziwa likiwa bado na joto lake, mawingu yanasimama katikati ya maji, ndiyo maana radi zetu nyingi ni za usiku wa manane, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Najua haya yote. Kujua hakunisaidii. Nilitaka kumuuliza Padre, ila tulikuwa tumeamriwa kunyamaza, na nadhani nilifurahi kuwa na kisingizio.

Mto Yordani tulipita. Ni mfereji. Bethlehemu tulikaa nusu siku, tukaguswa, tukanunua vitu vya mbao za mzeituni.

Yerusalemu sasa. Nilidhani mji mtakatifu utakuwa kimya, nadhani kila anayekwenda anadhani hivyo. Mji wa kale wote, ule ulio ndani ya ukuta, haufiki kilomita moja ya mraba. Ukuta wenyewe ni wa Sultani Suleiman, ulijengwa kati ya 1537 na 1541. Ndani ya eneo hilo wamepangana Wakristo, Waislamu, Wayahudi na Waarmenia, na kila mmoja ana namna yake ya kumwita Mungu kwa sauti. Adhana, kengele, Wayahudi wanaimba wakiteremka kwenye Ukuta wa Magharibi, na katikati mtu mwenye mkokoteni wa mikate anapiga kelele apishwe. Njia ya Msalaba inapita sokoni. Kituo cha tano unakisoma mbele yako na bega lako limegusa fulana zinazoninginia, na mwenye duka anakuita "mama Afrika, karibu, bei nzuri." Taji za miiba zinauzwa, kubwa na ndogo. Wenzangu walikasirika. Mimi, naomba radhi, nilijisikia nyumbani. Ni Mwaloni saa moja asubuhi. Hata pale Yesu alipopita na msalaba ilikuwa hivyo hivyo, watu wakiwa na vikapu vyao wanataka kupita.

Jirani yangu wa Kitangiri, Mwislamu, alikuwa amenituma nimsalimie Baitul Maqdis, kibla cha kwanza. Wasio Waislamu wanaruhusiwa uani tu na kwa saa maalumu. Niliingia uani, nikasimama mbele ya Kuba ya Mwamba yenye dhahabu yake, imesimama tangu mwishoni mwa karne ya saba, nikatoa salamu za jirani yangu kwa Kiswahili. Askari alikuwa ananiangalia. Juu ya Mlima wa Mizeituni kuna kanisa la Baba Yetu, kuta zake zimejaa vibao vya sala hiyo kwa lugha zaidi ya mia moja. Nilitafuta Kisukuma nikachoka, sikukiona.

Siku ya saba, saa kumi na moja alfajiri, tukaenda Kaburi Takatifu. Kanisa hilo linagawanwa na madhehebu sita, na hawaaminiani kiasi kwamba ufunguo wa mlango uko mikononi mwa familia mbili za Kiislamu, kwa karne na karne. Juu ya mlango kuna ngazi ndogo ya mbao dirishani, iko pale tangu karne ya 18 kwa sababu hawajakubaliana nani mwenye haki ya kuiondoa. Watawa Waethiopia wanakaa juu ya paa. Mama mmoja wa kwetu alisema, "Kumbe na huku kuna mambo ya kamati." Tulicheka foleni nzima.

Foleni ilikwenda saa mbili. Ukishaingia mlangoni kuna jiwe walipompaka Yesu mafuta, wanawake wanapiga magoti wanapangusa kwa vitambaa. Nilivua kitenge changu cha begani nikapangusa. Kisha foleni tena. Wanaingia watatu wanne kwa wakati mmoja, kwa mlango mfupi unaokulazimisha kuinama. Na pale katikati, nimesukumwa mbele na nyuma, ndipo nilipoelewa nipo kwenye foleni gani. Watu wa dunia nzima tumeamka usiku, tumelipa nauli, tumepanga mstari, kuja kuona kaburi ambalo halina mtu. Hakuna mwili. Hilo ndilo linaloonyeshwa. Na nyumbani kwetu tangu 2011 tulikuwa tunaona aibu, tunabadilisha mazungumzo mtu akiuliza, "Kaka yenu mlimzika wapi?"

Nilipoingia nilikuwa na kama nusu dakika. Marumaru, taa zinaning'inia, joto. Niliweka mkono kwenye jiwe. Sikusali chochote nilichopanga. Nilitaja jina la kaka, jina lake la nyumbani, lile la Kisukuma, mara mbili. Mtawa akagonga ukuta, twende, twende.

Nje ya kaburi kuna mahali pa kuwasha mishumaa. Mtaani nilikuwa nimenunua fungu la mishumaa myembamba 33, kwa hesabu ya miaka ya Yesu. Mahujaji wanaiwasha yote pamoja kama mwenge, kisha wanaizima, wanakwenda nayo nyumbani. Sikujua sehemu ya kuizima. Niliwasha nikidhani itabaki pale inawaka kwa ajili yake, angalau saa moja. Haikupita dakika, mlinzi akaja na kitu kama kikombe cha bati, akaifunika. Moshi ukaniingia machoni. Akanirudishia mkononi fungu langu, ncha zote nyeusi.

Mama nilimletea maji ya Galilaya kwenye chupa ya soda. Akayaangalia kwenye mwanga, akasema ni masafi kuliko yetu. Nikamsimulia sato wa kizimba akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamsimulia Magdala, hakucheka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana aliamka alfajiri. Sisi wa dagaa hatujui kulala." Mishumaa sikumwonyesha. Niliificha kabatini, chini ya mashuka.

Masika ya mwaka uliofuata mama alikuwa kwangu Kitangiri. Mvua kubwa, radi, umeme ukakatika saa mbili usiku, simu yangu haina chaji. Nilisikia anapapasa kabatini chumbani. Alirudi na lile fungu mkononi.

"Hii imeshawashwa," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Wapi?"

"Yerusalemu. Kaburini."

Alisimama nayo. Nilisubiri mahubiri, nilikuwa tayari na majibu yangu. Hakuuliza niliwasha kwa ajili ya nani. Alichomoa mmoja, akaniachia iliyobaki mapajani, akauwasha kwa kiberiti, akadondosha nta kwenye kisosi akausimamisha. Halafu akautoa mezani akauweka dirishani, lile la upande wa ziwa, ambako hautusaidii kitu sisi tuliokuwa mezani. Akavuta ungo wa dagaa, akaanza kuchambua gizani gizani, kwa vidole.

Umeme ulirudi baada ya nusu saa. Nikainuka kuuzima, maana mama hapotezi mshumaa. Akaniambia niuache.